Barua Kutoka Odessa kwa Mpwa Wangu Dereva

Odessa, Texas

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeusikiliza ule ujumbe wa sauti uliorekodi ukiwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma, honi zikilia nyuma yako. Umeniuliza mambo matatu: kazi ya kubeba mafuta visimani ikoje, ni kweli malori ya huku yanalipuka ovyo, na wewe utafikaje huku. Kukujibu kwa simu ningekosea mpangilio, ndiyo maana nimekaa kuandika. Panda pembeni yangu, funga mkanda, twende safari moja, halafu hayo maswali yako tutayajibu njiani.

Kwanza ujue tulipo. Odessa na Midland ni miji pacha iliyo kando ya barabara kuu namba 20, na kati yao ni kama kilometa 30 tu. Midland ndiko wanakokaa wenye ofisi. Odessa ndiko yaliko magereji, mayadi ya mabomba na sisi wenye malori. Eneo lote hili, magharibi mwa Texas hadi kusini-mashariki mwa New Mexico, linaitwa Permian Basin. Kisima kilichoamsha watu kinaitwa Santa Rita namba 1, nacho kilitoa mafuta Mei 1923. Leo yanatoka huku zaidi ya mapipa milioni 6 kwa siku, karibu nusu ya mafuta ghafi yote ya Marekani, na pipa moja ni lita 159. Nchi yenyewe ni tambarare, vichaka vya miiba na udongo mweupe. Ukiikumbuka ile njia ya Manyoni kwenda Dodoma wakati wa kiangazi, umeshaiona. Tofauti ni kwamba huku kila unapogeuza macho kuna mtambo wa chuma unaoinama na kuinuka ukivuta mafuta, na usiku miali ya gesi inayochomwa inamulika mpaka mbali.

Utaniuliza, si wana mabomba? Wanayo, tena mengi. Lakini kisima kipya huanza kutoa kabla bomba halijakifikia, na visima vidogo vya zamani haviunganishwi kabisa. Hapo ndipo tunapohitajika. Tena mafuta hayatoki peke yake. Kwa kila pipa moja la mafuta yanatoka mapipa 3 au zaidi ya maji, na maji hayo yana chumvi mara kadhaa kuliko bahari, huwezi kuyamwaga popote. Yanapelekwa kwenye visima maalumu yakarudishwe chini ya ardhi. Nilianzia kwenye maji, kisha nikahamia mafuta ghafi. Lori la maji linabeba kama mapipa 130. La mafuta ghafi linabeba zaidi, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Uzito wote, lori na mzigo, hauruhusiwi kuzidi kama tani 36 kwenye barabara kuu. Najua wewe na lori lako la ekseli saba mnaruhusiwa tani 56, kwa hiyo usidhani mjomba anaendesha jitu kubwa kuliko lako.

Safari yetu inaanza saa tisa usiku, kwenye yadi. Tochi mkononi, nazunguka lori lote: matairi, breki, taa, vali, raba za kwenye mpira wa kunyonyea, mtungi wa kuzimia moto. Natazama vibao vyekundu vya pembe nne vilivyo kila upande wa tangi, vyenye namba 1267, maana yake mafuta ghafi. Petroli unayobeba wewe ni 1203, na dizeli ni 1202. Namba hizo ni za dunia nzima. Zimamoto akifika, iwe Kibaha au huku Kermit, ataisoma kwa mbali na kujua anapambana na nini kabla hajasogea. Kibao kikichafuka kwa matope nakifuta palepale. Wewe pia ukisimama Mikumi kunywa chai, chukua kitambaa ufute vyako.

Halafu kuna kile kifaa cha kuhesabu saa, kilichofungwa kwenye injini. Sheria ya hapa inasema usiendeshe zaidi ya saa 11, ndani ya zamu ya saa 14, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Lakini sisi wa visimani tuna upenyo wetu. Dereva wa kawaida akitaka kuanza upya hesabu ya saa zake za wiki lazima apumzike saa 34 mfululizo. Sisi zinatutosha 24. Maana yake sheria inaweza kukwambia uko sawa wakati mwili wako umeshachoka. Kifaa kinaonyesha kijani, macho yamejaa mchanga. Hapo hakuna askari wa kukusaidia, ni wewe na ulimi wako: piga simu kwa mpanga safari umwambie, leo sitoki.

Na hili ndilo nililokuandikia barua nzima kulisema, kwa hiyo nalitanguliza. Nimekaa na madereva wa mafuta wa kila namna, Wameksiko, Wamarekani, Mkenya mmoja wa Eldoret, Mkongo wa Bukavu aliyepokelewa kwanza Abilene, mji ulio mashariki yetu wenye familia nyingi za Wakongo. Wanaozeeka kwenye kazi hii wana tabia moja: wanajua kukataa. Anakataa kupanda, anakataa kufungua, anakataa kuondoka yadi, na hana haja ya kupandisha sauti. Vifaa vyote nitakavyokutajia vinampa sababu ya kukataa, na mtu asiyeweza kukataa havimsaidii.

Haya, saa kumi alfajiri tumetoka. Tunashika barabara namba 302 kwenda magharibi, tunapita Notrees, mji ambao jina lake kwa Kiingereza linasema hauna miti, na kweli hauna. Tunafika Kermit. Kati ya Kermit na mji wa Wink kuna mashimo mawili makubwa ambayo ardhi ilididimia yenyewe, moja Juni 1980, jingine Mei 2002. Chini kuna tabaka la chumvi. Maji yaliliyeyusha, na visima vya zamani vikachangia kuyafungulia njia. Kutoka hapo tunakwenda Mentone, makao makuu ya wilaya ya Loving, ambayo sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 64 tu. Lakini malori yanayopita mbele ya mahakama yake ndogo hayana idadi. Tunavuka mto Pecos, tunaingia barabara namba 285.

Hii 285, kutoka mji wa Pecos kupita Orla hadi Carlsbad kule New Mexico, watu wa hapa wameibatiza Barabara ya Kifo. Sasa wameipanua sehemu nyingi, lakini kwa miaka ilikuwa njia mbili tu, huku na kule, na juu yake malori ya mchanga, ya maji, ya mabomba, ya mafuta, na magari madogo ya wafanyakazi wanaorudi kulala baada ya zamu ya saa 12 au zaidi. Watu wakisikia kifo cha visima vya mafuta wanawaza moto na mlipuko. Kwa miaka mingi hesabu za hapa zimeonyesha kinachoua zaidi wafanyakazi wa sekta hii ni ajali za magari barabarani. Mtu anaepuka gesi, anaepuka moto, kisha anafia kwenye usukani kwa sababu ya usingizi au kwa sababu ya kupita gari jingine kwa haraka.

Wewe umelelewa na mlima Kitonga, kwa hiyo breki na mteremko sikufundishi. Nikwambie kuhusu tambarare, kwa sababu tambarare inadanganya. Kwanza, mzigo wa majimaji hautulii. Ukikanyaga breki, mafuta yanakimbilia mbele, yanagonga ukuta wa tangi, na yanakusukuma wakati wewe unadhani umeshasimama. Tangi likiwa nusu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa yana nafasi ya kukimbia. Kwenye kona yanapanda upande mmoja na kuvuta tela lote. Ule mwendo ulioandikwa kwenye kibao cha kona ni wa magari madogo. Mimi napunguza mwendo wangu hadi chini ya huo kabla sijaingia, na ndani ya kona sigusi breki. Barabara za mashambani za Texas zina kona za pembe mraba zinazotokea baada ya kilometa nyingi za kunyooka, na matela mengi huangukia hapo.

Pili, ukingo wa lami. Huku tunaendesha kulia, kwa hiyo ni gurudumu la kulia linaloshuka; kwenu ni la kushoto. Likishuka kwenye udongo laini, mkono unataka kuzungusha usukani kwa nguvu urudi juu. Usifanye hivyo. Shika usukani wako unyooke, ondoa mguu kwenye mafuta, acha lori lipungue lenyewe, kisha rudi taratibu. Ukivuta ghafla, tairi linanasa kwenye ukingo wa lami, halafu linaruka, mzigo unabembea, na umelala ubavu.

Tatu, usikubali kuharakishwa na watu wanaokusukuma kutoka nyuma. Akija mtu na taa zake kali anataka upeleke moto, punguza, mpishe. Nikifika Orla salama dakika ishirini baadaye, mafuta yatakuwa bado yako kwenye tangi la kisima, hayajakimbia popote.

Kumepambazuka. Tunaiacha lami, tunaingia barabara ya kisima, udongo mweupe wa chokaa unaopanda hadi juu ya kichwa cha lori. Mlangoni kuna mabomba ya chuma yaliyotandazwa juu ya shimo ili ng'ombe wasitoke, na pembeni kibao cha njano: Gesi ya sumu. Hapa nasimama. Navaa kofia ngumu na miwani; ovaroli lisiloshika moto nimelivaa tangu nyumbani. Kifuani, karibu na pua, nabana kipima gesi. Kimeshapimwa asubuhi kama kinalia, maana kifaa kisicholia ni cha nini? Natafuta ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti unaoonyesha upepo unakotoka. Kisha naingia na kuegesha lori upande unakotoka upepo, kichwa kikitazama nje. Siku ya kukimbia hakuna muda wa kugeuza.

Gesi wanayoiogopa hapa ni haidrojeni salfaidi, sisi tunaiita H2S tu. Inatoka ardhini na mafuta. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini, mashimoni, kando ya matangi. Mwanzoni inanuka yai viza. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa pua kunusa, na mtu anasema harufu imeondoka, kumbe imeongezeka. Ikizidi sana kiasi hicho inamwangusha mtu kwa dakika chache. Ikipita 1,000, pumzi moja au mbili zinatosha. Kipima gesi changu kinalia kwenye 10. Na kwa sababu barakoa ya mtungi wa hewa haishiki usoni penye ndevu, wote tunaoweza kuhitaji kuivaa tunanyoa. Ndiyo sababu ile picha niliyomtumia mama yako ilimshangaza.

Nikueleze kilichotokea hapahapa Odessa, Oktoba 2019, kwenye kituo cha kusukuma maji ya visima. Mfanyakazi aliitwa jioni, pampu imetoa taarifa ya hitilafu. Alikwenda peke yake. Pampu ilikuwa inavuja maji yenye H2S, na akaanguka. Nyumbani mkewe akaona saa zinapita na simu haipokewi, akapakia watoto wao wawili kwenye gari, akaenda kumtafuta. Aliwaacha watoto garini, akaingia, naye akafa. Watoto walipona. Wachunguzi wa serikali walipomaliza kazi yao waliandika kwamba yule baba hakuwa amevaa kipima gesi chake. Kilikuwa kwenye gari lake. Na mtambo wa kengele wa kituo haukufanya kazi. Mpwa wangu, soma tena maneno hayo: kwenye gari lake. Kifaa kilikuwepo, lakini hakikuwa mwilini mwake. Huku madereva tunaelezana kisa hicho, na mafunzo yake ni mawili: kifaa kinakaa mwilini, na aliyeanguka hafuatwi na mtu asiye na mtungi wa hewa, hata kama ni mume wako. Unarudi upande wa upepo, unapiga simu, unasubiri wenye vifaa.

Kuna hatari nyingine iliyo kimya kuliko hiyo. Matangi ya kisimani yako juu, unapanda ngazi hadi kwenye njia ya chuma, na juu ya kila tangi kuna mfuniko. Kazi yetu ya zamani ilikuwa kufungua mfuniko huo, kushusha kamba ya kupimia, kujua mafuta yamefika wapi, na kuchota kidogo kuangalia kama yana maji na uchafu. Ukifungua, mvuke uliobanwa ndani unakupiga usoni. Kumbe hata usipokuwa na H2S, ule mvuke wa mafuta wenyewe unafukuza hewa na kuugonga moyo. Taasisi za usalama kazini za Marekani zilipochunguza zilikuta wafanyakazi 9 waliokufa kati ya 2010 na 2014 wakiwa kwenye kazi hiyo ya kupima na kuchota, wengine wao madereva, wengi wakiwa peke yao juu ya matangi. Baadhi ya vifo hivyo awali viliandikwa ni maradhi ya moyo ya kawaida. Februari 2016 zilitoa onyo kwa wote, na mwaka huohuo ukatoka utaratibu wa kupima bila kufungua mfuniko. Sasa vituo vingi vina mita. Nasoma namba nikiwa chini. Pale pasipo na mita, nasimama ubavuni, upepo ukinipiga mgongoni, nafungua, nageuza uso, nasubiri mvuke upite, na sipandi pasipo mwenzangu kujua niko wapi.

Siku moja, kisima kimoja upande wa bwawa la Red Bluff, nilikuwa nimefika katikati ya ngazi. Upepo ulikuwa umekufa, kimya kabisa, mfuko wa kitambaa umelala kwenye mlingoti. Kifaa kikalia. Sikutazama namba. Niligeuka, nikashuka nikishika vyuma vya ngazi kwa mikono miwili, nikatembea mbali na matangi kuelekea mahali pa juu, kisha ndiyo nikasoma: 14. Nikampigia mpanga safari nikamwambia, sipakii hapa leo. Akajibu, sawa, rudi. Akatuma watu wenye mitungi, wakakuta mfuniko mmoja haukuwa umekaa sawasawa na raba yake imeliwa. Kilichonifurahisha ni lile neno sawa. Hakuniuliza mzigo, hakuniuliza muda.

Si kila mahali wanasema sawa. Kampuni ya kwanza niliyofanya nayo kazi ililipa kwa tripu, na dereva aliyerudi mtupu alirudi bila chochote. Karatasi zao zilisema kila mfanyakazi ana mamlaka ya kusimamisha kazi isiyo salama, na walituandikia kwenye kadi ya kuning'iniza shingoni. Lakini kadi haikulipi kodi ya nyumba. Madereva walikuwa wanameza kukataa kwao kwa sababu nyumbani kuna watoto. Nilihama nikaenda kwa wanaolipa saa za kusubiri pia. Napata pungufu kidogo kwenye miezi mizuri, na ninalala.

Turudi kwenye kupakia. Cha kwanza kuunganishwa ni waya wa ethi, kabla ya mpira wowote, na ndio wa mwisho kuondolewa. Mafuta yakitembea ndani ya bomba yanazalisha umeme, na umeme huo usipopewa njia ya kwenda ardhini utajitafutia wenyewe, kwa cheche. Simu inabaki kwenye kabini. Siondoki pembeni ya vali hata mkojo ukinibana. Naacha nafasi juu ya tangi, kwa sababu mchana wa kiangazi joto linaweza kupita nyuzi 40 na mafuta yanapanuka. Na kitu kimoja ambacho Bongo sikuwahi kufundishwa: mvuke wa mafuta ukitanda karibu na injini ya dizeli inayonguruma, injini inaunyonya kama mafuta yake. Inapanda mizunguko yenyewe, inapiga kelele, na ukizima ufunguo haizimiki, maana chakula inakipata hewani. Inaweza kupasuka na kuwasha kila kitu. Kwa hiyo injini zetu zimefungwa vali ya kukata hewa, na ukisikia injini inapanda bila wewe kuigusa, unaikata hewa kama una nafasi, kama huna unakimbia upande wa upepo.

Tumejaza, tumefunga, tiketi imeandikwa joto la mafuta, kipimo chake na namba za lakiri. Sasa tunarudi kuelekea kituo cha kushushia kwenye bomba kubwa, tukiwa wazito, na mchana umeshakuwa mkali. Huu ndio muda wa kukujibu maswali.

Malori yanalipuka? Yakianguka, yanaweza. Wewe hukuhitaji kuuliza Texas kwa hilo, maana tunalo la kwetu. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakaja na madumu, moto ukawaka, tukazika zaidi ya watu 100. Mwenzangu wa Bukavu anaikumbuka Sange, kwenye njia ya Uvira, Julai 2010, zaidi ya 200, wengi wakiwa wamekaa kwenye vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Waliokufa hawakuwa madereva. Walikuwa majirani wa barabara. Kwa hiyo lori lako likilala, na wewe uko hai, kazi yako ya kwanza ni kukata umeme wa betri, kutoka, kwenda upande wa upepo, na kupiga kelele watu wasisogee, hasa vijana wa bodaboda na akina mama wenye ndoo. Piga 114, hao ndio Zimamoto. Ukiona umati unakuja, kataa kwa sauti yako yote. Watakutukana, wengine watasema unaficha mali ya tajiri. Endelea kukataa.

Kuhusu kuja huku. Nakueleza ukweli kwa sababu najua mawakala wanapita Dar wakiahidi kazi za kuendesha malori Marekani kwa pesa ya mbele. Agosti 2025 serikali ya hapa ilitangaza kusimamisha viza za kazi kwa madereva wa malori ya kibiashara. Tangu Juni 2025 dereva asiyeweza kuzungumza na mkaguzi kwa Kiingereza anaondolewa barabarani palepale. Na ili upate ruhusa ya kubeba mizigo ya hatari unachukuliwa alama za vidole, unachunguzwa, na lazima uwe raia, au mwenye ukaazi wa kudumu, au katika makundi mengine machache. Anayekwambia ana njia ya mkato anataka pesa zako. Usimpe hata senti, na waambie wenzako wa Kurasini wasimpe.

Pesa ni nzuri, sikufichi. Lakini bei ya mafuta duniani ikishuka, malori yanaegeshwa kwa mamia na watu wanafungasha wanaondoka. Bei ikipanda, kodi ya chumba inapanda nayo. Mimi nimekuwa nikiweka akiba kama mtu anayejua kesho inaweza kukosa mzigo, na hilo limenisaidia jambo moja kubwa kuliko nyumba ninayojenga Muheza: naweza kukosa tripu ya leo bila kuogopa. Mwenye deni hawezi kukataa. Anza na hapo, mpwa wangu. Hata elfu kumi kwa safari, weka mahali ambapo utaiita pesa ya kukataa.

Sasa nakupa kazi. Kabla hujapakia tena Kurasini, nenda kwa tajiri wako, kwa heshima, ukiwa umenyoosha shati, umwulize swali moja: Bosi, siku nikisema siendi kwa sababu matairi yamekwisha, au nimechoka, au tangi linavuja, utanikata malipo? Akikujibu kwamba hatakukata, mwombe awaambie na madereva wenzako, kila mmoja asikie kwa masikio yake. Akikasirika, au akikujibu kwa kucheka, basi fanya safari zako huku ukitafuta tajiri mwingine. Wapo. Dereva mwenye leseni safi na rekodi safi ana thamani barabara yote ya kwenda Zambia na Kongo, usikubali kuambiwa vinginevyo.

Na utingo wako, yule kijana, umfundishe kukukataza wewe. Mwambie akiona umesinzia ana ruhusa ya kukuamuru usimame, na siku akifanya hivyo simama, hata kama ulikuwa macho.

Msalimie mama yako sana, mwambie pesa ya dawa nimeshaituma. Bibi mpigie simu ya picha aone ulivyonenepa. Ukinijibu, anza na jibu la tajiri wako, mengine yafuate.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.